Kengele ya Saa Nne: Kijana Ambaye Masikio Yake Hayastahimili Sauti

Tuseme ni saa nne kamili za asubuhi katika shule ya sekondari ya bweni. Mwanafunzi wa zamu anakwenda kwenye mwembe ulio mbele ya ofisi, anashika nondo, na kukigonga kipande cha reli kilichotundikwa tawini. Wanafunzi mia nne wanafurahi, kwa kuwa hiyo ndiyo kengele ya uji. Msichana mmoja wa kidato cha pili hafurahi. Tangu saa nne kasoro robo ameacha kusikiliza somo. Macho yake yako dirishani na viganja vyake viko tayari. Kengele inapolia anajiinamia dawatini huku ameziba masikio kwa nguvu, na uso wake umekunjamana kama wa mtu aliyeungua. Mwalimu aliyekuwa akimalizia mchoro wa moyo ubaoni anageuka, na anachokiona ni mwanafunzi aliyeziba masikio wakati wa kipindi.

"Wewe! Umeziba masikio ili usinisikie?"

"Hapana, mwalimu. Samahani, mwalimu. Ni kengele."

"Kengele! Na hawa wenzako, wao hawana masikio?"

Darasa linacheka, na kicheko hicho nacho ni kelele.

Walimu waliofundisha miaka mingi wamepata kumwona kijana wa namna hii, hata kama hawakutambua kwamba wamemwona. Huenda alikuwa yule aliyekimbia paredi kila ngoma za skauti zilipopigwa, au yule aliyekula peke yake nyuma ya jiko, au yule aliyeacha shule katika muhula wa pili bila sababu iliyoeleweka. Shuleni huitwa mwenye maringo au mtoro. Nyumbani huitwa mwenye kiburi, na wakati mwingine hupelekwa kwa mganga kutolewa pepo. Hata hivyo, hali yenyewe inajulikana kwa wataalamu wa masikio na wa ubongo, ina majina, na sehemu kubwa ya msaada unaohitajika haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kwanza kueleweka.

Sikio si kipaza sauti tu

Sauti ni mtetemo wa hewa. Mtetemo huo huingia katika tundu la sikio na kukitikisa kiwambo, yaani ile ngozi nyembamba iliyowambwa ndani kama ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna mifupa mitatu midogo iliyoungana, nayo ni nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku husukuma majimaji yaliyomo ndani ya mfereji uliojiviringa kama kombe la konokono, uitwao koklea. Humo mna chembechembe zenye vinyweleo, takriban elfu kumi na tano katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikiso kuwa ishara za umeme zinazosafiri katika neva hadi kwenye ubongo. Georg von Békésy, aliyeeleza jinsi mawimbi yanavyopita katika koklea, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Maelezo hayo yamo katika vitabu vingi vya baiolojia. Ambalo vitabu vya shule hulipita haraka ni kwamba sikio halipokei tu, hujirekebisha. Mfupa wa kikuku umeshikwa na msuli uitwao stapedi, ambao ndio msuli mdogo kuliko yote inayovuta mifupa mwilini. Sauti inapokuwa kubwa, kwa kawaida kuanzia desibeli 70 hadi 90 hivi, msuli huo hukaza na kukizuia kikuku kisitikisike sana. Ni breki. Ina kasoro moja: huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, hivyo mlio wa ghafla kama wa bunduki au wa baruti huwa umekwisha kupita kabla breki haijashika. Aidha, nyingi kati ya chembechembe za koklea, takriban elfu kumi na mbili, kazi yake kubwa si kupeleka habari bali kuongeza au kupunguza mtikiso papo hapo. Mwaka 1978 Mwingereza David Kemp alionyesha kwamba sikio lenye afya lenyewe hutoa sauti hafifu inayoweza kunaswa kwa chombo, jambo ambalo lisingewezekana kama sikio lingekuwa mlango wazi tu.

Juu ya hayo kuna ubongo. Ubongo huamua sauti ipi ni kubwa, ipi ni ndogo, ipi ni ya hatari na ipi ya kupuuzwa. Mama aliyelala fofofo wakati lori linapita barabarani huamka mtoto wake anapokohoa kidogo. Masikio yake yalisikia yote mawili. Ni ubongo uliochagua.

Kipimo cha desibeli nacho huwapotosha wengi, hivyo ni vema kikaelezwa. Desibeli haziongezeki kama mita au kilo. Kila zinapoongezwa 10, nguvu ya sauti huzidishwa mara kumi. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Sauti ya desibeli 100 kwa hiyo haijazidi mazungumzo kwa theluthi mbili, kama hesabu ya haraka inavyoweza kudai. Imeyazidi mara 10,000. Sikio la binadamu hulibana pengo hilo kubwa ili liweze kubebeka. Kwa watu wengi sauti huanza kuudhi na kuumiza karibu na desibeli 100 au zaidi. Sasa mtu ambaye kwake maudhi hayo huanza kwenye 70, au hata 60, anaishi katika dunia nyingine kabisa ingawa anakaa dawati moja na wenzake.

Hali mbili zinazochanganywa

Hali ya kwanza huitwa hipakusisi, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kusikia kupita kiasi. Jina hilo halikuchaguliwa vizuri, kwa sababu mwenye hali hii hasikii mbali kuliko wengine. Hawezi kusikia mnong'ono wa chumba cha pili. Tatizo lake ni kwamba sauti za ukubwa wa kawaida humfikia kama sauti kubwa mno, na pengine humletea maumivu halisi ndani ya sikio. Sahani za bati zinapogongana bwaloni, kiti kinapoburutwa juu ya sakafu ya saruji, mvua inapoanza kupiga mabati, mlango wa chuma unapobamizwa: hizo ndizo adui zake. Haijalishi ni nani anayetoa sauti. Kinachojalisha ni ukubwa wake na ukali wake.

Hali ya pili huitwa misofonia, yaani kuchukia sauti. Jina hili lilitungwa mwaka 2001 na Margaret Jastreboff na Pawel Jastreboff, watafiti waliofanya kazi Marekani. Hapa ukubwa wa sauti si hoja. Mwenye misofonia anaweza kusimama karibu na mashine ya kusaga bila shida, lakini sauti ya mtu anayetafuna, anayevuta kamasi, anayekoroma au anayebofya kalamu ya wino mfululizo humpandisha hasira au kinyaa ambacho yeye mwenyewe hawezi kukieleza. Moyo humwenda mbio, misuli hukaza, naye hutamani kukimbia au kupiga kelele. Mara nyingi hali hii huanza utotoni au katika umri wa kubalehe, na mara nyingi sauti inayochukiza kuliko zote ni ya mtu wa karibu: mama, baba, ndugu anayelala kitanda cha juu bwenini.

Katika nyumba zetu jambo hili lina uzito wa pekee. Watu hula pamoja, mikono ikikutana katika sinia moja. Kijana anayechukua sahani yake na kwenda kula barazani huwa amesema neno kubwa hata kama hakufungua kinywa. Bibi huuliza, "Mjukuu wangu, tumekukosea nini?" Naye hana jibu lenye adabu, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba hawezi kuvumilia jinsi bibi anavyotafuna. Vijana wengi huchagua kunyamaza na kuonekana wakorofi kuliko kusema hilo. Hatia wanayobeba huwa kubwa, maana wanawapenda watu haohao ambao sauti zao zinawatesa.

Je, ni deko? Mwaka 2017 Sukhbinder Kumar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuupiga picha ubongo wa watu wenye misofonia wakati wakisikilizishwa sauti mbalimbali. Sauti zenye kuudhi kila mtu, kama kilio cha mtoto mchanga, hazikuonyesha tofauti kubwa kati yao na watu wengine. Sauti za kutafuna na kupumua zilionyesha. Sehemu ya ubongo iitwayo insula ya mbele, ambayo kazi yake mojawapo ni kuamua jambo lipi linastahili kuangaliwa, iliwaka kupita kiasi, na mapigo ya moyo yakaongezeka pamoja nayo. Mwaka 2021 kundi hilohilo lilionyesha kwamba kwa watu hao sehemu za ubongo zinazohusika na sauti zimeunganika kwa nguvu zaidi na sehemu inayoendesha midomo na taya, kana kwamba ubongo unalazimishwa kutafuna pamoja na anayetafuna. Mwaka 2022 jopo la wataalamu lilikubaliana juu ya maana rasmi ya misofonia. Haijaingizwa bado kama ugonjwa unaojitegemea katika orodha kuu za magonjwa za kimataifa, lakini watu hao wanateseka, na mateso yao yanaonekana katika picha za vyombo.

Ni kweli kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili. Pia kuna vijana ambao usikivu wao mkali ni sehemu ya jambo pana zaidi. Leo Kanner, daktari aliyeeleza usonji mwaka 1943, aliandika kuhusu watoto waliotishwa mno na milio ya vyombo kama mashine ya kufyonza vumbi. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliweka hisi zilizopita kiasi, au zilizopungua mno, miongoni mwa dalili za usonji. Wenye kipandauso nao hukimbia sauti wakati wa maumivu. Na ipo hali moja ya ajabu, iliyoelezwa mwaka 1998 na Lloyd Minor na wenzake huko Marekani, ambapo tundu dogo katika mfupa wa sikio la ndani humfanya mgonjwa asikie mwili wake mwenyewe, hata mwendo wa mboni za macho yake zikigeuka! Hali hiyo ni nadra, lakini ni onyo kwa yeyote anayetaka kusema kwamba mgonjwa anabuni.

Pamba masikioni: dawa inayoongeza ugonjwa

Jambo la kwanza ambalo kijana hufanya, na ambalo mzazi mwenye huruma humsaidia kufanya, ni kuziba masikio. Huanza kwa pamba. Pamba kavu huzuia sauti kidogo tu, kwa hiyo hutafuta vizibo vya mpira, au vile vifuniko vya masikio vinavyovaliwa viwandani, ambavyo hupunguza desibeli 20 hadi 30. Hupata nafuu kubwa. Kwa kuwa amepata nafuu, huvaa siku nzima: darasani, bwenini, hata usiku wa kimya.

Hapo ndipo tatizo linapoanza kukua. Fikiria redio ya betri kijijini. Kituo kinapokuwa mbali, msikilizaji huzungusha kitufe na kuongeza sauti hadi mwisho. Anapata taarifa ya habari, lakini pia anapata mikwaruzo mingi. Ghafla mawimbi yakaja kwa nguvu, redio hupiga ukelele na nyumba nzima hushtuka. Ubongo hufanya vivyo hivyo. Ukinyimwa sauti kwa muda, hujiongezea kitufe chake cha ndani ili usikose kitu. Kizibo kikitolewa, kitufe kiko juu bado, na sauti ya kawaida huingia kama radi.

Hilo si dhana tupu. Mwaka 2003 Craig Formby na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio lao juu ya kikundi kidogo cha watu wenye masikio mazima. Kwa majuma mawili watu hao walivaa vizibo. Kwa kipindi kingine cha majuma mawili walivaa vyombo vidogo vilivyotoa mvumo hafifu masikioni. Baada ya vizibo, sauti zilezile walizozipima mwanzo walizisema kuwa ni kubwa zaidi. Baada ya mvumo, ilibidi sauti ziongezwe ndipo wazione kuwa kubwa kama zamani. Tena watu hao hawakuwa wagonjwa. Kijana mwenye hipakusisi anayejifungia katika kimya ana kila sababu ya kutarajia mabadiliko ya namna hiyohiyo, na yeye hana akiba ya kupoteza.

Je, avue kabisa? La hasha. Kwenye mashine ya kusaga, kwenye karakana ya useremala, mbele ya spika za harusi au wakati wa kupiga baruti, vifuniko ni haki yake, na kwa kweli wenzake nao wangefaa kuvivaa, maana anayekaa katika desibeli 85 saa nane kila siku kwa miaka hujiharibia masikio hata awe na afya ya namna gani. Kinachokatazwa ni kuvaa vizibo mahali ambapo sauti si kubwa. Badala ya kimya, masikio yahitaji mvumo laini wa kudumu: redio iliyowekwa kati ya vituo kwa sauti ya chini, feni, maji ya bomba yanayochuruzika, mvua iliyorekodiwa katika simu. Sauti ya namna hiyo huupa ubongo kazi ndogo ya kufanya, na kitufe hushuka kidogo kidogo. Katika kliniki njia hii hupangwa na mtaalamu kwa miezi mingi, pamoja na mazungumzo ya kitabibu yanayomfundisha mgonjwa kutambua hofu yake na kuipunguza.

Kuna wanaodhani kwamba dawa ni kumzoesha kwa nguvu: apewe zamu ya kugonga kengele kila siku, akalishwe chini ya spika, atazoea tu. Mazoea hayaji hivyo. Mtu anayelazimishwa kupokea maumivu asiyoweza kuyazuia hujifunza jambo moja, kwamba maumivu yatakuja, na ubongo wake huzidi kukesha kuyangojea. Kama kengele hiyo angeomba kuigonga mwenyewe, mambo yangekuwa mengine, kama itakavyoelezwa sasa.

Kitufe ambacho hakikubonyezwa

Katika miaka ya mwisho ya 1960 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walifanya majaribio juu ya kelele za mjini, wakayakusanya katika kitabu mwaka 1972. Waliwaweka watu katika chumba na kuwapigia kelele kali, desibeli 108, kwa vipindi visivyotabirika. Baadhi yao walipewa kitufe na kuambiwa kwamba wakishindwa kabisa wanaweza kukibonyeza na kelele itakoma, ingawa watafiti wangependelea wasikibonyeze. Karibu wote hawakukibonyeza. Walisikia kelele ileile, kwa muda uleule, kama wale wasio na kitufe. Hata hivyo, baadaye walipopewa mafumbo magumu na kazi ya kusahihisha maandishi, wenye kitufe walivumilia zaidi na kukosea kidogo zaidi. Vilevile kelele iliyokuja kwa saa zinazojulikana iliwadhuru kidogo kuliko ile iliyokuja ovyo.

Walimu wangefaa kuusoma mfano huo mara mbili. Kijana aliyepewa ruhusa ya kutoka nje bila kuulizwa maswali mbele ya darasa, labda kwa kuweka kadi ndogo mezani pa mwalimu, hatatoka kila dakika kama inavyohofiwa. Mara nyingi atakaa, kwa sababu anajua kwamba anaweza kutoka. Aliyenyimwa ruhusa hutumia nguvu zake zote kuulinda mlango kwa macho. Ni afadhali ruhusa hiyo iwe na masharti machache yanayoeleweka: anakwenda wapi, anakaa dakika ngapi, anarudi vipi. Akiitumia kukwepa hesabu, hilo litaonekana mapema, kwa kuwa sauti za kipindi cha hesabu hazina tofauti na za kipindi cha historia.

Kutabirika kunapatikana kwa gharama ndogo zaidi. Ratiba ya kengele ibandikwe, na saa ya ukutani iwe sahihi. Zoezi la moto na ngoma za paredi apewe habari zake asubuhi. Kiti chake kiwe mbali na dirisha linalotazama mwembe, na hapa wanafunzi wa fizikia wanaweza kusaidia kwa kalamu na karatasi. Uwanjani, kila umbali kutoka kwenye chanzo cha sauti unapokuwa maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Anayesimama mita 2 kutoka kwenye kengele, akihamia mita 4, kisha 8, kisha 16, amepunguziwa desibeli 18. Vizibo vingi vya bei nafuu havifanyi zaidi ya hapo.

Darasa lenye mwangwi

Ndani ya darasa hesabu ni nyingine, kwa sababu sauti hugonga kuta na kurudi. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliagizwa atafute kwa nini katika ukumbi mmoja mpya wa mihadhara maneno hayakusikika. Usiku baada ya usiku yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaipanga humo, wakapiga filimbi ya kinanda na kupima sauti ilichukua muda gani kufa. Kabla ya kupambazuka mito ilirudishwa. Kazi hiyo ilizaa kanuni inayotumika hadi leo: muda wa mwangwi, kwa sekunde, ni 0.16 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukigawanywa kwa jumla ya ufyonzaji wa nyuso zake. Sabine alipima ufyonzaji kwa kulinganisha na dirisha lililo wazi, kwani sauti iliyotoka dirishani hairudi.

Na tupige hesabu ya darasa la mita 8 kwa 7, lenye kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 168, na nyuso zake zote ni mita za mraba 202. Sakafu ya saruji, kuta za plasta na dari ngumu hufyonza kidogo mno. Tukikadiria asilimia 4, ufyonzaji ni kama 8, na mwangwi wa darasa tupu lililofungwa ni sekunde 3.3. Wakiingia wanafunzi 40, kila mmoja akifyonza kama 0.4, muda hushuka hadi sekunde 1.1. Yakifunguliwa madirisha ya mita za mraba 6, hufika 0.9. Ukitundikwa ukutani mita za mraba 25 za blanketi nene, likiachana kidogo na ukuta na kufyonza nusu ya sauti inayoligonga, muda huwa sekunde 0.63. Nchini Marekani kiwango kilichowekwa mwaka 2002 kwa madarasa ya kawaida ni sekunde 0.6. Shule ya kijijini yenye mablanketi chakavu inaweza basi kukaribia kiwango cha Marekani, na watakaofaidika si yule msichana peke yake bali pia mwanafunzi asiyesikia vizuri wa safu ya nyuma na mwalimu mwenye koo linalouma. Trei za mayai, ambazo watu wengi huzisifu, hufyonza kidogo tu.

Miguu ya madawati ipigiliwe vipande vya mpira wa tairi kuukuu au soli za kandambili. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Mvua juu ya mabati ni shida kubwa zaidi. Dari husaidia, lakini dari ni gharama, na mahali pengi njia iliyopo ni mwalimu kuacha kupaaza sauti na kuandika kazi ubaoni hadi mvua itulie.

Kumpeleka kwa mtaalamu

Kabla ya yote hayo, au sambamba nayo, kijana anapaswa kupimwa. Kliniki za masikio, pua na koo zipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Kenyatta ya Nairobi. Zipo sababu zinazotibika na zipo zinazohitaji haraka. Upande mmoja wa uso ukilegea na sauti zikaanza kuumiza upande huohuo, huenda neva ya saba, inayouendesha ule msuli wa stapedi, imepooza, na breki haishiki; huyo asingojee. Hali kadhalika kizunguzungu, usaha, kupungua kwa usikivu ghafla, au mvumo usiokoma baada ya mlipuko au baada ya kutumia dawa. Kwinini huleta mvumo masikioni, na dawa za jamii ya streptomaisini na jentamaisini zinaweza kulidhuru sikio la ndani, kwa hiyo daktari aelezwe dawa zote alizotumia kijana. Mwenye kusikia kwa shida na mwenye kuumizwa na sauti anaweza kuwa mtu mmoja, na huyo hudhaniwa kuwa mwongo kuliko wote.

Daktari atasaidiwa sana na daftari. Kwa majuma mawili kijana aandike kila tukio: saa ngapi, sauti gani, ilitoka wapi, aliumia au alikasirika, na ilimchukua muda gani kutulia. Orodha ikijaa sahani, viti na kengele, inaelekea hipakusisi. Ikijaa kutafuna na kuvuta kamasi, inaelekea misofonia. Mzazi asimjazie.

Nyumbani mwenye misofonia haponywi kwa kuiamuru familia nzima iache kutafuna. Redio ya sauti ya chini wakati wa chakula, kukaa pembeni mwa mkeka badala ya kukabiliana uso kwa uso, na makubaliano kwamba akizidiwa atasema "Samahani, bibi, narudi sasa hivi" na kurudi kweli, hayo yanatosha kuokoa milo mingi. Bibi naye ahitaji kuelezwa, kwa heshima na faraghani, kwamba hakukosa lolote. Kijana asiachwe kudhani kwamba hasira yake inampa ruhusa ya kufoka. Hali si kosa lake, lakini matusi ni yake.

Mitihani ya taifa ni jambo la kushughulikiwa mapema. Chumba cha pembeni, au kiti kilicho mbali na lango, hakiombwi juma la mwisho. Barua ya daktari ipelekwe kwa mkuu wa shule mwanzoni mwa mwaka ili ombi lifike panapohusika kwa wakati. Kama kero inatoka nje ya shule, kwa mfano baa au karakana iliyo ukutani, Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 na Tanzania ina za mwaka 2015, na shule ni jirani mwenye haki ya kulalamika.

Yule msichana wa kidato cha pili, basi, tuseme mwalimu wake amemwita ofisini baada ya kipindi, si kumwadhibu bali kumwuliza. Anaulizwa ni kengele zote au ni ile ya saa nne tu. Anafikiri. Anasema kengele ya alfajiri haimuumizi sana, kwa sababu bweni lake liko mbali na mwembe. Kisha anauliza, kwa sauti ya chini, kama ile nondo haiwezi kuzungushiwa kitambaa, na kama yeye anaweza kuwa mwenye kuigonga siku za Jumatatu.

Mwalimu anamwambia akatafute kitambaa.